Mimi wa tuktuk, niende kuombea wagonjwa?

Wahariri na wasomaji wenzangu, salamu kutoka Kisumu. Wiki hii mmeuliza, "Unajuaje Mungu amekuita wakati wewe mwenyewe unaogopa na unaona hufai?" na mkaweka na barua ya yule dada wa Nakuru ameombwa afundishe watoto wa sande skul lakini hana cheti chochote na akisimama mbele ya watu magoti yanagongana. Dada wacha nikujibu wewe, hao wengine wasome tu.

Mimi naendesha tuktuk, steji yangu ni Kondele, shule niliachia darasa la nane. Kanisani kwetu kuna walimu wa sekondari, kuna mpaka lekchara, sasa siku moja pasta ananivuta kando baada ya ibada ananiambia kamati imekaa na imeona niingie kikundi cha kutembelea wagonjwa hospitalini. Nikamuuliza, na hawa wasomi wote? Akasema hao wako bizi, na tunaona vile unajua kuongea na watu. Lakini si hiyo ni biashara jamani, usipoongea na kastoma atapanda ya mwenzako. Tena mimi ni Mluhya wa Vihiga, Kijaluo changu ni cha kuitisha nauli na kubishana kuhusu chenji, kinaishia hapo, sasa mzee wa Bondo nitamwombea na nini? Nikasema wacha niombee hilo jambo kwanza, na mnajua mtu wa kanisa akisema hivyo anatafuta mlango wa kutokea.

Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilisoma tu Waamuzi 7 nikingoja abiria. Hiyo sura watu wanapenda kuihubiri juu ya wale askari 300 wa Gideoni na tarumbeta, lakini isome polepole. Mwanzoni Mungu anamwambia Gideoni, mkubwa wa jeshi la Israeli, atangaze kwamba mwenye kuogopa arudi nyumbani, na watu 22,000 wakarudi, wakabaki 10,000. Hapo nikasema basi, ni mimi huyo, niko na hao 22,000 na tena niko mstari wa mbele. Lakini ukishuka mpaka mstari wa 10, ni usiku, Mungu anamwambia Gideoni kama unaogopa kwenda kambini kwa Wamidiani, hao adui zao, nenda na Pura mtumishi wako. Na mstari wa 11 anashuka na Pura! Si ni kusema alikuwa anaogopa? Mkubwa wa jeshi mwenyewe, amewaachilia waoga wote asubuhi hivi na yeye bado anatetemeka, na Mungu hamkemei wala hamwambii aache kuogopa, anampa mtu wa kutembea naye. Huyo Pura hakuna mahali tunaambiwa alisema neno hata moja, kazi yake ilikuwa kuwa hapo.

Baada ya hapo nikaanza kuona hicho kitu kila mahali. Musa kwa Kutoka 4 analia ulimi wake ni mzito, na angalia vizuri, Mungu hamwambii "hapana wewe unaongea poa", hiyo hasemi popote. Anakasirika, ndiyo, lakini bado anampa Haruni awe msemaji, na hao hawakuwa vijana, walisimama mbele ya Farao mmoja ana miaka 80 mwingine 83. Yesu naye kwa Marko 6 anawatuma wawili wawili. Hata huku kwetu, mama yangu ni wa kanisa la Friends, wale wanaitwa Quakers, tumekua tukisimuliwa wale Wamarekani walioanza misheni ya Kaimosi mwaka 1902, Hotchkiss, Hole na Chilson, reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu kabla yao. Walikuja watatu, hakuna aliyejifanya shujaa akaja peke yake.

Kwa hivyo nikarudi kwa pasta, na sikumwambia naweza, nilimwambia nitaenda kama kuna mtu wa kwenda na mimi. Akanipa mama mmoja nesi mstaafu, mkali ajabu. Njia yote ndani ya tuktuk yangu mwenyewe alikuwa ananipa semina: nawa mikono ukiingia na ukitoka, usikae kwa kitanda cha mgonjwa, usimuulize anaugua nini wengine wakisikia, usimpe chakula kabla ya kuuliza nesi wa wodi, usimwahidi atapona kwa sababu wewe si daktari na wewe si Mungu, na tafadhali usianze hadithi ya shangazi yako aliyekuwa na ugonjwa kama huo akafa. Ukiomba omba fupi, watu wana maumivu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa jaduong', yaani mzee, amevunjika mguu, plasta mpaka juu ya goti. Nilikuwa nimekariri Zaburi 121 yote kwa Kiswahili. Yeye hata hakuningoja nifungue mdomo, akaniambia wuoda, yaani mwanangu, kuna karatasi kwa mfuko wa shati hapo kwa kabati, iko na namba, nipigie kijana wangu nijue kama ng'ombe amezaa. Namba ya mwisho ilikuwa imefutika kwa jasho, tukajaribu moja baada ya nyingine, tukasumbua watu wawili watatu huko nje mpaka tukampata. Ng'ombe alikuwa amezaa, ndama jike. Mzee akacheka mpaka mama nesi akamwambia atulie na huo mguu. Halafu nilipoanza kuomba na Kijaluo changu cha steji akanikatiza akasema wacha mimi niombe, akaomba yeye, akaniombea mimi na tuktuk na barabara.

Bado naogopa mpaka leo, mlango wa wodi nikiuona tumbo linakoroga. Ile naogopa zaidi lakini ni mtu anayesema ameitwa na haogopi chochote na hataki kufundishwa na mtu, hao tuko nao wengi hii Kisumu, wana spika kubwa. Na wewe dada usichukue maneno yangu kwamba cheti ni bure, kukiwa na mafunzo ya walimu wa watoto hapo kwenu nenda ujifunze, lakini usiseme utaanza hofu ikiisha.

Ile ningefanya ningekuwa wewe, ningemuuliza pasta swali moja: nani atakaa na mimi darasani? Mtu aliyewahi kufundisha watoto, anayejua vile unanyamazisha wale wa miaka mitano wakianza kuvutana nywele. Akikosa kukupa mtu mwambie utangoja mpaka apatikane, na umsaidie kumtafuta.