Vita Sivitaki, Mdogo Wangu Namtaka

Juzi usiku, nimeshazima taa, uliingia ujumbe wa dada mmoja wa Changamwe. Mumewe ni mwanajeshi na ameambiwa ajiandae, zamu yake ya Somalia imefika. Dada huyu tangu hapo hakubaliani na jeshi letu la Kenya kuwa kule, na hakuwahi kuwaficha wakwe zake. Sasa wifi yake mkubwa kamtolea: "Kumbe humtakii heri ndugu yetu." Ananiuliza atamuaga vipi mumewe bila ya kusema uongo. Na kwa nini aniulize mimi? Kwa sababu, anasema, "wewe yalikukuta."

Yalinikuta. Siku zote nimekuwa nikiyagusagusa tu, leo nitayamwaga. Mwenye haraka asubiri makala ya wiki ijayo.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba kwetu. Aliingia jeshini 2010, ana C yake ya kidato cha nne na miaka miwili ya kubeba mizigo ya watu pale feri ya Likoni. Alikimbia uwanjani pekupeku, wakamkagua meno na nyayo, wakamchukua. Gwaride la kumaliza mafunzo kule Eldoret nililihudhuria, nikalia kwa fahari mpaka ncha ya mtandio ikalowa.

Mwaka uliofuata yakaja ya Lamu. Septemba Mwingereza mmoja aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa. Oktoba mosi mama wa Kifaransa, mtu wa kiti cha magurudumu, akatwaliwa kutoka kisiwa cha Manda. Kisha wahudumu wawili wa Kihispania kule Dadaab. Sisi wa pwani hatukuhitaji kuelezwa uzito wake. Binamu yangu alikuwa mpishi hotelini Shela, akarudi nyumbani na visu vyake vimefungwa kwa gazeti. Jumamosi tarehe 15 mawaziri Saitoti na Haji wakatangaza kwamba Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia waliolaumiwa kwa utekaji ule, watasakwa hadi kwao. Jumapili magari ya jeshi yakavuka mpaka kuingia Somalia. Wakaita Operesheni Linda Nchi. Mdogo wangu alikuwa humo.

Mimi niliona ni kosa siku ile ile, na kosa naliona mpaka leo. Mwizi wa watu husakwa. Nyumba ya jirani haiingiliwi na vifaru kisha ukangoja wenyewe wakupe ahsante. Nilisema kwa sauti, kazini, sokoni, Facebook. Na nilikuwa nikisoma, si porojo. Oktoba 30 ndege zetu zilipopiga Jilib, mji wa kusini mwa Somalia, Serikali ikasema ni gari la Al-Shabaab, madaktari waliokuwa pale wakasema ni kambi ya watu waliokimbia njaa, na watoto wamo miongoni mwa majeruhi. Nilizihifadhi habari zile kama mtu anayeweka stakabadhi.

Juni 2012 akaja likizo yake ya kwanza. Mama alitandika mkeka uani, kahawa, visheti, majirani wote. Kijana amekonda, visigino vimepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Akawa anatuhadithia njia ya Afmadow: mvua, tope, lori limezama mpaka taa, wanaume ishirini wanasukuma na yeye kiatu kimebaki chini kama kimepandwa. Watu wanajipigia makofi kwa kicheko. Na mimi, kutoka mlangoni, na sinia mkononi:

"Na watoto wa Jilib mliwacheka hivi hivi?"

Naikumbuka sauti ya kikombe chake kikiguswa na kisahani. Alikiweka polepole mno, mtu anayeogopa kukivunja. "Dada," akasema, "mimi Jilib sikufika." Akainuka. Siku mbili baadaye akaondoka, na likizo ilikuwa haijesha. Miezi kumi na minne hakunipigia simu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Hoja yangu haikuwa ya uongo. Baadaye hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba makaa yaliendelea kupakiwa bandari ya Kismayu, Somalia, baada ya jeshi letu kuingia, na biashara ile Baraza la Usalama lilikuwa limeshaipiga marufuku Februari 2012. Nilisoma nikasema, haya, nilisema. Lakini niliyekuwa nikimsema hakupanga vita, hakuuza gunia la makaa, hata ramani hakuonyeshwa. Nilichukua deni la watu wa Nairobi nikaenda kumdai mtoto wa mamangu, mbele ya wageni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Ukiwa na hasira na wakubwa, usimpige aliyekaa nawe mkekani. Nitalisema tena huko mbele, mtanisamehe.

Kilichotupatanisha ni punda. Wanaokumbuka Novemba 2011 wanakumbuka msemaji wa jeshi, Meja Emmanuel Chirchir, alipotangaza kwenye Twitter kwamba msafara mkubwa wa punda wenye mizigo utahesabiwa kuwa ni shughuli za Al-Shabaab. Sasa Sikukuu ya 2013 nilikwenda Lamu, nikamwona punda ufukweni amebebeshwa mawe, amesimama katikati ya njia na hataki kwenda. Nikampiga picha, nikamtumia mdogo wangu bila salamu: "Huyu naye mshukiwa?" Ikapita saa nzima. Kisha: "Mzuie hapo hapo dada, naja." Nilicheka peke yangu mpaka nahodha wa mashua akanitazama vibaya.

Tangu hapo nikaanza kazi ambayo nilipaswa kuianza mwanzo. Vifurushi. Nilimwuliza anataka nini, na nilitarajia mambo makubwa. Akasema achari ya embe, soksi nene na dawa ya fangasi ya miguu. Kifurushi cha kwanza nilimpa mwenzake aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Mtungi ukavuja. Mafuta ya achari yaliingia kwenye soksi zote sita, na barua yangu ya kuomba radhi, kurasa tatu, ikawa haisomeki hata neno. Alizivaa soksi zile vivyo hivyo, na wenzake wakampa jina, Achari. Wako wanaomwita hivyo hadi leo. Barua sikuiandika mara ya pili, na hakuniuliza ilikuwa na nini.

Miaka iliyofuata siitaki sana. Duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, Al-Shabaab waliua watu 67. Garissa chuoni Aprili 2015, watu 148. Kila likitokea, wa upande huu wanasema "mnaona kwa nini tuko kule," na sisi wa upande wa pili "mnaona imetuletea nini." Katikati, 2014, polisi walipozoa watu Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi Nairobi, na kuwajaza uwanja wa Kasarani, mama wa Kisomali anayeniletea vitambaa alilala humo siku tatu. Nikabishana na kila mtu mwaka ule. Na mdogo wangu? Naye sikubishana. Achari ilikwenda.

Halafu Ijumaa, 15 Januari 2016. Al-Shabaab wakaivamia kambi ya jeshi letu El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Mdogo wangu alikuwa Gedo.

Habari ilitufikia mama akiwa anakanda unga wa mahamri. Alinawa mikono, akafunga simu kwenye pindo la kanga, akakaa kizingitini, na hapo ndipo alipokaa mpaka Jumatatu. Simu ya mdogo wangu haipatikani. Simu ya kambi kila mara inatumika. WhatsApp inaleta picha ambazo sikupaswa kuziona, nami nazikuza nikitafuta visigino vilivyopasuka. Mama mdogo wetu alikuja Jumamosi, akaketi, akasema mbele ya watu waliokuja kutufariji: "Haya, dua zako zimekubaliwa." Mama mdogo, najua unasoma hapa. Nimekusamehe kwa ajili ya mama, lakini sijasahau.

Jumatatu saa tatu usiku, namba nisiyoijua. "Dada. Mama yuko macho?" Simu ilikuwa ya sekunde kumi na moja, nilizihesabu kwenye orodha baadaye. Hakuwa kwenye kambi ile.

Rafiki yake alikuwepo. Kijana wa upande wa Kilifi, walikula sahani moja Eldoret. Serikali haikutuambia wamekufa wangapi. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kwenye runinga idadi inayokaribia mia mbili, jeshi letu likakanusha, basi. Mdogo wangu hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Akanipigia: "Nenda wewe kwa mama yake. Mimi siwezi kufika, nenda wewe."

Nilikwenda na sukari kilo kumi, unga, na chai. Maiti ilikuwa bado Nairobi inasubiri vipimo vya damu ya ndugu, kwa hiyo matanga yalikuwa yamewekwa na hakuna wa kuzikwa. Mama wa marehemu alikuwa ameshika kofia ya mwanawe, ile ya gwaride, anaitoa nyuzi zilizolegea moja moja kwa kucha. Akaniuliza, wala si kwa ukali: "Mwanangu, hivi walikwenda kufanya nini kule?"

Miaka minne nilikuwa na jibu la swali lile. Ningeweza kumjibu kwa tarehe na majina ya miji, na ningekuwa sahihi. Nilishika upande wa pili wa kofia, nikasema, "Mdogo wangu kanituma. Anasema mwenzake alikuwa hali peke yake." Sikusema zaidi. Tukatoa nyuzi. Alasiri nikachota maji.

Sijawahi kuiona ile kuwa ni unafiki, na nimewahi kuitwa mnafiki kwayo, na wenzangu kabisa wa kuandamana. Waniambie wao wangesema nini.

Basi, dada yangu wa Changamwe. Mumeo humdanganyi ukimwambia "nenda salama urudi." Hilo si kusifu vita. Wakati wa likizo na wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, mada hiyo iacheni nje pamoja na viatu. Usimwulize ameua. Usimwulize kama anaamini. Akianza mwenyewe, sikiliza mpaka amalize, na usiwe na stakabadhi mfukoni. Soksi, nane. Wifi yako mwache.

Hasira yako ipeleke kwenye mlango wake. Katiba yetu, ibara ya 240, inasema jeshi halitumwi nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Maana yake kuna mtu unayemchagua aliyenyoosha mkono, au anayeweza kuushusha. Mimi nimemwandikia mbunge wangu mara mbili na sijajibiwa. Ya tatu nitaipeleka kwa mkono, nikae pale mpaka wanione. Vikosi vya Umoja wa Afrika kule Somalia, ambamo jeshi letu limo, vimebadilishwa jina, AMISOM, ATMIS tangu Aprili 2022, AUSSOM tangu Januari 2025, na waheshimiwa hawatusemeshi kama vile jina jipya ni jibu. Tuwaulize wao. Wanaovaa magwanda hawana ruhusa ya kuuliza, ndiyo maana sisi tunapaswa kuuliza kwa sauti, na tuulize tukiwa na adabu kwa mama zao. Mtu asiyeweza kuchota maji kwenye matanga ya mwanajeshi, mimi hoja zake za amani sizisikilizi.

Mdogo wangu alikuwa nyumbani mwezi uliopita. Usiku, uani, watoto wamelala, yeye mwenyewe akalianzisha, kwa mara ya kwanza tangu lile sinia. Alizungumza karibu saa mbili. Sitaandika alichosema, bado ni mwajiriwa. Nitasema tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea mkubwa fulani pale, na mama alituchungulia dirishani akadhani tumegombana tena.

Na mtungi, dada, utumie ule wa plastiki wa siagi ya karanga, mfuniko wa kuzungusha. Embe zianike jua kali siku mbili, zisiwe na maji hata tone. Acha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu kule ni joto na achari hufura. Nailoni mbili chini ya mfuniko, kisha mpira. Soksi weka mfuko mwingine kabisa.