Niliingia leba na kilo 106

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia. Mimba ya kwanza, wiki 14, kilo 92. Nesi kamwambia kwa mwili ule ajiandae kuzaa kwa kisu. "Ni kweli, au ananitisha tu?" Nilikuwa nanyonyesha, machozi yakanilenga. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi.

Mimba yangu ya kwanza niliianza na kilo 84, na urefu wangu ni mita 1.58. Zidisha urefu huo kwa wenyewe, kisha gawanya kilo kwa jibu ulilopata: inakuja kama 33.6. Kuanzia 30 huo ni unene uliopitiliza. Hakuna aliyenipigia hesabu hiyo. Asubuhi mtori, saa nne chapati na chai ya maziwa, usiku mama mkwe ananiongezea ugali: "Kula mwanangu, mko wawili." Nikafika leba na kilo 106.

Uchungu ulianza Ijumaa alfajiri. Jioni njia imefunguka sentimita 4. Wakaniwekea dripu ya kuongeza uchungu. Usiku wa manane, 5. Baada ya masaa manne, 5 ile ile, na mapigo ya mtoto yameanza kushuka. Kule chumba cha upasuaji mtaalamu wa usingizi alinichoma mgongoni mara tatu ndipo sindano ikapata njia. Mtoto kilo 4.2. Siku ya nane mshono ukaachia, ukatoa usaha. Natembea bado nimeinama, shangazi wa mume wangu akasema mbele ya wageni kwamba wasichana wa siku hizi ni wavivu wa kusukuma. Miaka minne sasa, neno hilo halijanitoka. Sikufika hata hatua ya kusukuma!

Daktari ndiye aliyenielewesha baadaye. Mwili ukiwa mkubwa, mara nyingi njia huchelewa kufunguka, presha na kisukari cha mimba hupata nafasi, na mtoto naye hunenepa. Tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2007 zilionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke mnene kuzaa kwa upasuaji ni karibu mara mbili ya mwenye uzito wa kawaida. Uwezekano, dada. Siyo hukumu.

Kabla ya mimba ya pili nilishuka hadi kilo 73. Kutembea kila alfajiri, soda basi, wali nusu sahani. Mimba nzima nikaongezeka kilo 9. Mwezi uliopita nimejifungua kwa njia ya kawaida, mtoto kilo 3.4, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji karibu, maana mwenye kovu la upasuaji hajifungulii popote tu. Namshukuru Mungu, na najivunia.

Kwa hiyo dada zangu, punguzeni kabla ya kubeba mimba. Ukishabeba, usijinyime chakula, mtoto anakihitaji. Dhibiti kasi tu. Aliyepata 30 na kuendelea kwenye ile hesabu hushauriwa kuongezeka kilo 5 hadi 9 mpaka mwisho wa mimba. Mimi niliongezeka 22! Acheni soda, tembeeni. Na nyie mashangazi, mzazi aliyepasuliwa mleteeni supu, maneno yenu bakini nayo.

Dada wa kilo 92, pima urefu wako leo, upige ile hesabu. Siku ya kliniki usiondoke kabla hujapimwa presha na sukari, kisha niandikie namba zote tatu. Nasubiri.