Kukesha ghalani na kusahau kwa mzee

Dada yangu wa Nachingwea, umeuliza kama baba yetu ameanza kusahau kwa sababu kila msimu wa korosho hukesha akilinda magunia ghalani. Hofu yako inahusiana na wazo kwamba ubongo husafishwa tunapolala. Ubongo umezungukwa na majimaji angavu yapatayo mililita 150, ambayo mwili huyatengeneza upya mara kadhaa kwa siku. Mwaka 2012 timu ya Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ilionyesha kwa panya kwamba majimaji hayo hupenya kandokando ya mishipa ya damu hadi ndani ya ubongo, kisha huondoka na taka, ikiwemo beta-amiloidi, protini inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayoleta usahaulifu. Mwaka uliofuata waliona kazi hiyo ikiongezeka panya anapolala. Lakini utafiti wa London wa mwaka 2024, nao wa panya, ulipata kinyume, kwa hiyo mimi sithubutu kuulaumu ulinzi wa korosho. Mzee anayerudia swali lile lile kabla chai yake haijapoa, kama ulivyoeleza, apimwe shinikizo la damu, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, na dawa anazotumia zikaguliwe, maana baadhi ya visababishi hivyo hutibika. Tafadhali mpeleke Hospitali ya Sokoine pale Lindi mapema, na zamu ya usiku ashike kijana.