Vidonda vya tumbo: mdudu atibiwe hospitali, na mawazo nayo yasiachwe

Ukisema tu tumbo linawaka, kila mtu ana jibu: punguza mawazo. Mama mkwe atakwambia hivo, bosi hivohivo, hata dada wa duka la dawa akishakupa vile vidonge vya kutafuna anamalizia na hilohilo. Mimi nafanya kazi ya mahesabu hapa Dar, mwisho wa mwezi ndo balaa lenyewe, na vidonda nimeishi navyo muda mrefu, kwahiyo hii kauli nimeisikia mpaka basi. Ina ukweli ndani yake ila ukiichukua yenyewe peke yake inaweza kukuumiza sana.

Tuanze na mdudu, maana mdudu yupo kweli. Zamani hata madaktari wenyewe waliamini vidonda ni asidi na stresi, mpaka mwaka 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kumwotesha maabara bakteria anaitwa Helicobacter pylori kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Watu wakawabishia, Marshall akaona isiwe tabu, 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe na baada ya siku chache akaanza kuumwa tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Nobel. Sasa huyo mdudu hafi kwa kutuliza akili jamani, hafi kwa juisi ya kabichi wala kwa maziwa, anakufa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazo, mara nyingi siku 10 mpaka 14. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazomeza kila mgongo ukiuma.

Kwahiyo pima kwanza. Ukiweza pima choo, maana kipimo cha damu kinaweza kukuonyesha mdudu aliyeshakufa zamani. Na mwambie daktari kama unatumia omeprazo, inatakiwa uwe umeiacha wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Ukipewa dozi imalize, najua mdomo unakuwa mchungu kama umelamba sarafu kutwa nzima na wengi wanaachia katikati hapo, we maliza tu.

Mimi nilimaliza. Baadae nikapimwa tena, mdudu hayupo, nikapitishwa kamera ya kuangalia ndani ya tumbo, kidonda hakuna, lakini ikifika kufunga mahesabu tumbo linawaka vilevile. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, mmoja anarudia antibayotiki bila kupima, mwingine anasema hospitali hawajui kitu anahamia kwa wauza vichupa wa stendi. Bahati yangu daktari alikaa akanieleza kwamba tumbo lina mishipa yake mingi sana ya fahamu inayoongea na ubongo muda wote, na hofu ikikaa mwilini tumbo linakuwa jepesi kuumia hata pasipo kidonda.

Hilo lilishaonekana kwa macho kitambo. Mwaka 1822 huko Marekani kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. Daktari wake William Beaumont akawa anachungulia humo humo chakula kinavyosagika, na akaandika kwamba jamaa akikasirika usagaji unavurugika. Yaani siyo kwamba unajitungia.

Kwahiyo usichukie ukiandikiwa amitriptilini dozi ndogo, dawa ambayo kwa dozi kubwa wanapewa wenye sonona. Hujaitwa kichaa, inatuliza hiyo mishipa ya tumbo.

Na kwa upande wangu nikaanza pumzi. Nakaa kwenye ngazi za ofisi, mkono juu ya kitovu, navuta hewa kwa pua taratibu nahesabu mpaka nne mkono unanyanyuka, naitoa nahesabu mpaka sita, dakika kumi hivi kabla ya chakula, na simu naiacha mezani. Kama wewe ni mtu wa sala tayari unayo njia, kuna watafiti akina Luciano Bernardi huko Italia walichapisha mwaka 2001 kwamba watu wakisali rozari kwa Kilatini pumzi zinashuka mpaka kama sita kwa dakika. Nikaongeza na usingizi, na kuongea na mtu ninayemwamini badala ya kukaa na madeni kichwani. Maumivu hayajaisha kabisa ila yamepungua kiasi kwamba nakula usiku nalala, na kwangu hilo ni kubwa mno.

Anayekwambia uache dawa kwa sababu ana mazoezi ya akili, mkimbie. Na daktari anayekwambia huna kitu nenda nyumbani wakati unaumwa, tafuta mwingine. Nenda na kidaftari, andika ulikula nini, ulilalaje, siku hiyo kulikuwa na nini, na kila mzizi unaokunywa utaje bila aibu kwa sababu daktari lazima ajue.

Ila ukiona choo cheusi tii kinachonata, au umetapika damu, au unapungua uzito bila sababu, au chakula kinakwama kooni, hapo pumzi na kidaftari weka pembeni, nenda hospitali. Na ikiwa ni damu au hicho choo cheusi, nenda usiku huohuo.