Madubwana 300, watu wawili: tupunguze au tuendelee?

SWALI: Habari kaka, mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya mashabiki ya kukusanya madubwana, tunatumia RPG Maker XP (programu ya kutengenezea gemu) na Pokémon Essentials (mfumo wa mashabiki wa gemu za mtindo wa Pokémon unaowekwa juu yake). Tumepanga madubwana 300, mikoa miwili, majimu 16 (vituo vya kupigana na bosi), na aina moja mpya tuliyoibuni, kama zile za moto na maji. Tumeshachora 40. Tupunguze au tuendelee? Tunaogopa watu wataiona ndogo.

JIBU: Salama mdogo wangu. Punguzeni, na mkate mkoa wa pili kwanza kabla hamjagusa dubwana hata moja.

Hilo la "wataiona ndogo" ndo linanichosha, kila wiki nalikuta. Mchezaji anatembea na madubwana sita tu kwenye timu, hakai kuhesabu orodha yako, anachokiona ni yale majani ya njia ya kwanza ambamo madubwana wanatokea: akikutana na watano ambao kila mmoja anapigana kivyake ataendelea, akikutana na 12 wanaofanya kitu kilekile kwa rangi tofauti anafunga gemu. Gemu za kwanza kabisa za Pokémon zilitoka Japani 1996 zikiwa na 151, na hiyo ni kampuni iliyohangaika nayo kama miaka sita. Nyie wawili mnataka karibu mara mbili yake, jioni mkitoka kazini.

Haya tupige hesabu. Kila dubwana anataka picha ya mbele, ya mgongo na ile ndogo ya kwenye menyu, tuseme saa tatu kwa zote, na hapo nimewahurumia. 260 waliobaki mara saa tatu ni saa 780. Mkipata saa 10 kwa wiki ni wiki 78, mwaka na nusu wa kuchora tu, hakuna ramani hata moja, hakuna stori, hakuna mtu aliyejaribu kucheza. Na kuchora ndo sehemu rahisi! Bado kila mmoja ana takwimu sita, mapigo anayojifunza kwa kila levo, anabadilika lini, anapatikana wapi, halafu mnakuta dubwana wa njia ya tatu anamaliza jimu la tano peke yake, mnarudi kurekebisha, mkirekebisha huyo mwingine anaharibika.

Aina mpya nayo msiichukulie poa. Aina 18 za Pokémon, kila moja ikipambana na kila moja, zinatoa michuano 324, ukiongeza moja inakuwa 361, yani maamuzi 37 mapya ya nani anamuumiza nani, alafu kila dubwana wa zamani inabidi umwangalie upya.

Sasa kuna hawa wataalam wa video, "tengeneza gemu yako wikiendi moja", na siku hizi "zalisha madubwana 300 usiku mmoja kwa akili bandia". Waulize gemu yao waliyoimaliza iko wapi. Ile Pokémon Essentials inakupa mfumo wa vita, begi na kusevu bure kabisa, ndo maana siku ya kwanza unajiona umefika nusu, kumbe ulichopewa ni kile ambacho kila mtu anacho na kazi yako haijaanza.

Wengine ndo hawa wa "ukitoa bure wenye Pokémon hawakugusi". Uongo mtupu. Pokémon Uranium, gemu ya mashabiki kama yenu, ilitoka Agosti 2016 baada ya miaka tisa ya kazi, bure, ina madubwana zaidi ya 150 na aina mpya ya nyuklia, siku chache tu waliotengeneza wakaacha kuigawa baada ya barua za mawakili wa Nintendo, mmoja wa wenye Pokémon. Desemba mwaka huohuo Pokémon Prism, nayo ya mashabiki, miaka nane ya kazi, ikazuiwa siku chache kabla haijatoka. Uranium angalau ilifika kwa watu ikiwa imeisha. Kwahiyo ukubwa sio swala la uvivu tu, kila mwaka unaoongeza huku unarusha trela ni mwaka mwingine wa kuonekana na mawakili ukiwa huna kitu cha kucheza.

Kwa hiyo nyie: mkoa mmoja, majimu matatu, hao hao 40 mliochora, mwanzo mpaka mwisho, majina yenu watengenezaji yapite kwenye skrini. Mkikata kateni ukoo mzima, yani dubwana na maumbo yote anayobadilika kuwa, sio umbo la katikati, maana dubwana anayeruka umbo mchezaji anamshtukia haraka. Aina yenu mpya wapeni koo mbili tu muone kama inaleta raha. Mpeni mtu ambaye sio rafiki yenu acheze bila kumsaidia, mkae nyuma yake kimya. Akimaliza bila gemu kukwama ndo mje tuongee jimu la nne.