Hizo spika za Advent usizipigishe kwanza, angalia sponji
Hongera ndugu uliyesema umepata spika kuukuu za Advent, za miaka ya 70 ni spika za maana, ila kama unazitoa Mombasa kwenda Nairobi na basi usikubali kabisa zipande keria, ziingie buti zikiwa zimesimama, koni (ule uso wa mbele unaotetema kutoa sauti) zielekeane na kadibodi ngumu katikati isiyozigusa. Ukifika usiwashe bado!! Gusa polepole ule ukingo wa sponji unaozunguka koni, ukiona unanata au unamung'unyuka kidoleni umeoza, kwa umri huo ni kawaida, usitupe spika. Nunua sponji mpya saizi yake, kwangua gundi ya zamani taratibu, bandika hiyo mpya, na kabla gundi mpya haijakauka sukuma koni uhakikishe koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haikwaruzi. Kapasita, vile vifaa vidogo vya umeme ndani ya boksi, zipimwe pia. Boksi la spika hizi ni la kuzibwa kabisa, likivuja hewa besi inapwaya.