Picha za Leon Gast ni za 1974 kweli
Ndugu, umeuliza kama pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman kwenye filamu ya mwongozaji Leon Gast liliigizwa baadaye. Hapana, hawakuigiza. Filamu "When We Were Kings" ilitoka 1996, lakini picha za Ali na Foreman zilichukuliwa palepale Kinshasa mwaka 1974. Kilichokwama ni pesa na ugomvi wa nani mwenye haki nazo. Marehemu Gast alihangaika nazo miaka 22, Oscar akaipata 1997. Kilichoongezwa baadaye ni wale wanaokaa na kusimulia, waandishi Norman Mailer na George Plimpton, na mwongozaji filamu Spike Lee. Labda hapo ndipo ulipochanganyikiwa.

Tena Gast alikuja kwa ajili ya muziki, si ngumi: lile tamasha la Septemba, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, kamera zikabaki na Ali. Bila lile jeraha, kwa maoni yangu, hata "Ali, boma ye" (yaani "Ali, muue" kwa Lingala) ya watoto tusingeisikia vile.

Papa yangu alifuata pambano kwa transista hapa Kamalondo. Kinshasa saa kumi alfajiri, kwetu Lubumbashi saa kumi na moja, kunaanza kupambazuka. Gast alipofariki Machi 2021 tuliiangalia filamu hiyo pamoja. Ilipofika raundi ya nane mzee akanishika mkono, utadhani hajui nani ataanguka.